Pa Kutua na Pa Kupita

Watoto wa pwani waliosomeshwa chuoni, wakakalishwa juu ya mkeka na juzuu zao juu ya marufaa, hujifunza mapema jambo ambalo wanafunzi wa shule nyingi hulipata kwa kuchelewa au wasilipate kabisa, nalo ni kwamba msomaji hana budi kujua, pamoja na kutamka maneno, wapi pa kutua na wapi pa kupita. Maalimu wetu hakuwa mwepesi wa kukasirika mtoto alipokosea herufi. Alimsahihisha kwa upole na kumwambia arudie. Lakini aliyepita moja kwa moja penye mimu ndogo iliyochorwa juu ya mstari, au akatua penye lamu-alifu inayokataza kutua, alisikia kijiti cha mkwaju kikigonga mkeka kando ya goti lake, nasi sote tukanyamaza kimya. "Umevunja maana," maalimu angesema. Nasi tusiojua Kiarabu wakati ule tulistaajabu ni maana gani hiyo iliyovunjika, ilhali maneno yote yametamkwa kama yalivyoandikwa.

Jawabu la mshangao ule nililipata baada ya miaka mingi, nikalipata ofisini, na lugha iliyonipa jawabu hilo ilikuwa Kiingereza.

Nalikuwa karani kijana katika kampuni moja ya uwakala wa mizigo, ambayo sina haja ya kuitaja, na kazi yangu ilikuwa kujibu barua fupi za wateja kwa Kiingereza. Mfanyabiashara mmoja mwenye ghala aliandika kuuliza kama shehena yake ya mchele imekwisha kufika yote, kwa kuwa alikuwapo mtu aliyetaka kupanga nafasi iliyosalia ghalani. Nikamjibu kwa maneno manne: "No more are coming." Makusudio yangu yalikuwa kumwambia kwamba la, mengine yanakuja, yeye alisoma kwamba magunia mengine hayaji tena, akaipangisha nafasi siku ile ile, na magunia yaliyobaki yalipowasili yakalala uani chini ya maturubai katika mvua za masika. Kati ya nilichokusudia na alichosoma palikosekana mkato mmoja tu baada ya neno la kwanza, alama isiyozidi mguu wa sisimizi. Na fedha ya mchele ule ulioota ukungu ilikatwa katika mshahara wangu kidogo kidogo hadi mwisho wa mwaka.

Tazama jinsi Kiswahili kingalivyonisitiri. Lau ningaliandika "La mengine yanakuja" bila alama yoyote, asingalikuwapo msomaji hata mmoja wa kupotea, kwa sababu kukanusha katika lugha yetu kumo ndani ya kitenzi chenyewe, na "yanakuja" haigeuki kuwa "hayaji" hata ukiisoma kwa pumzi moja au kwa pumzi kumi. Sentensi ya Kiswahili ina viungo vyake ndani ya mwili: ngeli humfuata nomino popote aendapo, kiambishi humkumbusha msomaji nani mtenda na nani mtendwa, na maneno yanayohusiana hutambuana kwa sauti zao kama ndugu wanavyotambuana kwa sura. Kiingereza nacho kilikuwa na viungo vya namna hiyo zamani sana, kabla ya kuchanganyikana na lugha za waliokivamia kisiwa chao. Kwa muda wa karne nyingi kikavipukutisha kimoja baada ya kimoja, hata leo kinategemea mambo mawili makubwa, mpango wa maneno na alama zilizowekwa kati yao. Ndiyo maana naona kuwa Mswahili anayeandika Kiingereza ana hatari yake peke yake, ambayo Mwingereza hana: hubeba kutoka lugha yake uzembe ambao lugha yake humsamehe, akaupeleka katika lugha isiyosamehe.

Neno letu la elimu hii, uakifishaji, lina nasaba njema. Asili yake ni Kiarabu, katika shina lenye maana ya kusimama au kusimamisha, shina lile lile lililotupa neno wakfu, yaani mali iliyosimamishwa isiuzwe wala kurithiwa. Na wanavyuoni waliozichora alama za kusimama katika msahafu hawakuzichora kwa kupamba ukurasa. Wamejadiliana karne kwa karne, mathalani, juu ya aya ya saba ya Surat Aali Imran: ukitua baada ya kutajwa Mwenyezi Mungu, ujuzi wa tafsiri ya aya zenye kutatiza unakuwa wake peke yake, ukipita bila kutua, wale waliobobea katika elimu nao wanaingia katika ujuzi huo. Maneno ni yale yale, herufi ni zile zile, na tofauti yote imo katika pumzi ya msomaji. Basi hiyo ndiyo maana iliyokuwa ikivunjika juu ya mkeka wetu.

Kwa watu wa Ulaya mambo yalianza vivyo hivyo, katika sauti. Takriban miaka 200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mtunza maktaba wa Iskandaria katika nchi ya Misri, Aristophanes wa Byzantium, aliweka nukta katika vimo vitatu, chini, kati na juu, ili kumwonyesha msomaji wa Kiyunani atue kwa kiasi gani; na jina la sehemu fupi kuliko zote, ambalo Waingereza wamelirithi kwa kuuita mkato, maana yake ni kipande kilichokatwa, hata ukadhani Wayunani wale na Waswahili walikaa baraza moja wakati wa kulichagua. Ilipofika miaka ya 1490, mpiga chapa Aldus Manutius katika mji wa Venice aliupa mkato umbo lake la kupinda tunalolijua leo, na vitabu vyake vikaanza kuonekana na nuktamkato. Tangu hapo vitabu vilizidi kuwa vingi, watu wakazidi kusoma kimyakimya, na alama zilizozaliwa kwa ajili ya pumzi zikatwishwa dhima nyingine iliyo nzito zaidi, ya kulinda maana pasipo na sauti.

Kwa hiyo kanuni tuliyofundishwa wengi wetu shuleni, kwamba weka mkato unapovuta pumzi, ni kanuni ya kale iliyopitwa na wakati wake. Mzamia lulu na mwenye pumu wangaliandika barua moja kwa namna mbili mbalimbali. Mimi naona kuwa mizani iliyo bora tumekwisha kuirithi chuoni, nayo ni kuzigawanya alama za Kiingereza katika daraja tatu za msahafu: mimu, yaani pa lazima, jimu, yaani pa hiari, na lamu-alifu, yaani pa marufuku.

Pa lazima ni pale ambapo alama ikiondoka maana inageuka. Chukua mtu aliye safarini anayemwandikia wakili wake kwa Kiingereza: "Hand the keys to my brother who lives in Tanga." Maneno haya yasiyo na mkato yanamfahamisha wakili kwamba mwandishi ana ndugu kadhaa, na anayestahiki funguo ni yule akaaye Tanga. Weka mkato kabla ya neno "who", na maneno hayo hayo yanasema kwamba mwandishi ana ndugu mmoja tu, na kwamba ndugu huyo, kwa taarifa ya ziada, anakaa Tanga. Alama ndogo imehesabu watoto wa nyumba nzima. Wakili asiyeijua familia hiyo hana shahidi mwingine, na akimkabidhi funguo mtu asiyekusudiwa hatakuwa na taksiri.

Pa marufuku ni pale ambapo alama inawatenganisha wasiotengana, na hapa ndipo kalamu za Waswahili huteleza kuliko mahali pengine. Sisi twaandika bila haya, "Mtu aliyeniuzia nyumba hii, amesafiri," na mkato huo hauna madhara, kwa kuwa kiambishi cha kitenzi kinamwita mtenda wake kutoka ng'ambo ya pili ya alama. Kiingereza hakina sauti ya kuita. Ukimtenga mtenda na kitendo chake kwa mkato mmoja, msomaji wa lugha hiyo husimama katikati ya daraja akitafuta aliyetenda, na ijapokuwa huenda atampata, barua yako imekwisha kuonekana kama nguo iliyoshonwa na fundi aliyesahau kupima.

Ama pa hiari, mfano wake mashuhuri ni mkato uwekwao kabla ya neno "and" au "or" katika mwisho wa orodha. Wapiga chapa wa chuo kikuu cha Oxford huuweka, magazeti mengi ya Kiingereza huuacha, na pande zote mbili zina wafuasi wenye ghadhabu ambayo kwa kawaida watu huiweka akiba kwa ajili ya dini na kandanda. Mtu wa insafu angesema waache wazozane, maana orodha ya matunda ya sokoni hufahamika kwa namna zote mbili. Lakini jimu huweza kugeuka mimu bila kumpa mwandishi taarifa, na lililotokea katika jimbo la Maine, huko Marekani, ni ushahidi wa kutosha.

Sheria ya jimbo hilo iliamuru kwamba mfanyakazi azidishapo saa 40 kwa juma alipwe kwa kila saa ya ziada mara moja na nusu ya ujira wake, kisha ikazitaja kazi zisizohusika na amri hiyo, zote zikiwa kazi za vyakula viharibikavyo na vingine vya mfano huo. Iliorodhesha kutia makoponi, kusindika, kuhifadhi, kugandisha, kukausha, kutafuta soko, kuweka ghalani, kisha ikamalizia kwa maneno yanayoweza kufasiriwa kuwa kufungasha kwa ajili ya kupeleka au kusambaza, bila mkato kabla ya neno "au". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst waliisoma sheria hiyo kwa makini kuliko walioiandika. Wakasema: sisi hatufungashi kitu, sisi twasambaza, na sheria hii imetaja kufungasha tu, kuwe ni kufungasha kwa kupeleka au kufungasha kwa kusambaza, wala haikukutaja kusambaza kuwa ni kazi mbali. Kampuni ikajibu kwamba kusambaza ni kazi ya mwisho katika orodha, na kila mwenye akili anaona hivyo. Madereva wakaongeza hoja ya sarufi ambayo mwalimu yeyote angeisifu, kwamba kazi zote za orodha ile zimeandikwa kwa umbo moja la kitenzi-jina, ilhali kupeleka na kusambaza zimeandikwa kwa umbo jingine, basi hazimo katika safu moja na zile.

Mahakama ya kwanza iliwakatalia. Wakakata rufani, na katika mwezi wa Machi 2017 mahakama ya rufani iliyoko Boston ikaamua kwamba ibara ile ina utata wa kweli, na kwa kuwa sheria za ujira za jimbo hilo hufasiriwa kwa kumpendelea mfanyakazi, utata huo ni wa madereva. Mwaka uliofuata shauri likaisha kwa sulhu, kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Jambo linalonichekesha na kunihuzunisha pamoja ni kwamba mwongozo wa waandishi wa sheria wa Maine wenyewe uliwausia wasiuweke mkato ule wa mwisho. Walitii mwongozo wao barabara, wakasahau kwamba hiari ya kutua humalizika pale maana inapokuwa na njia mbili. Baada ya hukumu ile ya rufani baraza la sheria likaiandika upya ibara hiyo, safari hii likatenganisha kila kazi na mwenziwe kwa nuktamkato, kama mtu aliyeibiwa mara moja akatia makufuli saba mlangoni.

Canada nako makampuni mawili ya mawasiliano, Rogers na Aliant, yaligombana juu ya mkataba wa kutumia nguzo za simu. Mkataba ulisema utadumu miaka 5, na baadaye miaka 5 mingine kwa zamu, mpaka utakapovunjwa kwa notisi ya mwaka mmoja. Je, notisi hiyo yaruhusiwa hata ndani ya miaka 5 ya kwanza? Mkato uliokuwa kabla ya maneno ya notisi ulionyesha kuwa yaruhusiwa, na mwaka 2006 wasimamizi wa mawasiliano wakaamua hivyo. Mwaka uliofuata uamuzi ukageuzwa, kwa kuwa mkataba huo ulikuwa pia na nakala ya Kifaransa, na nakala hiyo haikuwa na utata. Lugha ya pili ilitoa ushahidi ambao ya kwanza ilishindwa kuutoa. Nami niliposoma habari hiyo nilikumbuka "La mengine yanakuja".

Hizo ni kesi za fedha. Iko nyingine iliyokuwa ya roho. Roger Casement ni mtu ambaye watu wa Kongo wana sababu ya kumkumbuka, kwa kuwa ndiye konsuli wa Kiingereza aliyesafiri kupanda mto mwaka 1903, na ripoti yake iliyotolewa 1904 ikafichua mateso ya watu waliolazimishwa kuchuma mpira chini ya utawala wa Mfalme Leopold II. Baadaye mtu huyo aliingia katika harakati za uhuru wa Ireland, na wakati wa vita vya kwanza vya dunia akaenda Ujerumani kuwashawishi mateka wa Kiairishi wapigane na Uingereza. Aliporejea pwani ya Ireland katika Aprili 1916 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini chini ya sheria ya mwaka 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani. Sheria hiyo ilimtaja mtu anayeambatana na maadui wa mfalme katika milki yake, akiwapa msaada katika milki au kwingineko. Mtetezi wake akahoji kwamba sheria yamhusu aliyetenda akiwa ndani ya milki, na Casement alitenda akiwa Ujerumani. Upande wa pili ukasema neno "kwingineko" lafunika ibara yote, na maneno ya kati yametengwa kama yaliyowekwa ndani ya mabano. Basi majaji wawili wakaenda kuikagua ngozi yenyewe iliyohifadhiwa London, wakiinamia wino wa karne sita kasoro kidogo, kutafuta alama ya kutua. Mahakama ikamwamulia vibaya, na tarehe 3 Agosti 1916 akanyongwa katika gereza la Pentonville. Tangu siku hizo watu husema alinyongwa kwa mkato. Usemi huo una chumvi, maana vita na siasa vilikuwa na mkono mrefu kuliko alama yoyote. Hata hivyo mtu aliyehesabiwa siku zake kwa pumzi ya msomaji wa ngozi kuukuu hawezi kuambiwa kwamba alama ni nakshi.

Najua kuna watakaoninong'ona kwamba haya ni mabaki ya wino mwekundu wa ukoloni, na kwamba mtu aliyejifunza lugha ya wageni hastahili kusumbuliwa kwa vijinukta vyao. Hoja hii sina haja ya kuitupa yote. Wako watu ambao furaha yao ni kuwinda makosa ya wenzao, wakiona ubao wa duka uliokosa ritifaa wanaumwa kichwa hata jioni. Huko Uingereza kwenyewe alikuwapo mzee, John Richards, aliyeanzisha chama cha kuilinda ritifaa mwaka 2001, akakifunga 2019 akiwa na umri wa miaka 96, akisema ujinga na uvivu vimeshinda. Namheshimu kwa ustahimilivu wake, walakini simlilii. Bodi ya majina ya mahali ya Marekani imeikwepa ritifaa ya umiliki katika ramani zake tangu karne ya kumi na tisa, na mito ya nchi ile haijapotea njia. Ubao wa duka ni jimu. Kijana naye anayeacha nukta mwishoni mwa ujumbe wa simu, kwa kuwa rafiki yake ataidhani hasira, ana adabu yake ambayo wazee hatuna budi kuijifunza, kwa maana ujumbe ukiisha kutumwa umekwisha kutua wenyewe.

Ninalolikataa ni kuchanganya daraja. Wepesi wa ubao wa duka hauwezi kupelekwa katika mkataba wa pango, katika maelezo ya dawa, katika barua ya kuomba kazi, wala katika jibu la mstari mmoja kwa mfanyabiashara mwenye ghala. Sisi wenyewe twaijua tofauti hiyo tukiguswa penye lugha yetu: aliyeandika ngoa akikusudia ng'oa ameacha jembe akaleta wivu, na hatumwambii kwamba ni kijialama tu. Fauka ya hayo, katika nchi zetu hizi Kiingereza kimo mno katika karatasi zinazofunga watu, za benki, za bima, za ardhi na za ajira, na anayepata hasara ya mkato uliopotea, aghalabu, ni yule aliyetia sahihi bila kuisikia sauti ya ibara.

Baada ya mkasa wa mchele mkuu wangu wa kazi alitoa amri ambayo wakati ule niliiona ni adhabu: kila barua ya Kiingereza, kabla ya kutiwa bahasha, isomwe kwa sauti na karani mwingine asiyeijua habari yake, na mwandishi asikilize kwa kalamu mkononi bila kusema neno. Karani akitua pasipo alama, au akipita penye alama, au akarudi nyuma kuanza tena, barua ilirudi mezani. Tulichelewa dakika kumi kila siku, wala hapakutokea magunia mengine ya kulala uani.

Mpaka leo sijaiacha desturi hiyo, ila karani wangu sasa ni mjukuu wangu wa darasa la sita. Juma lililopita nilimpa asome barua niliyomwandikia mwenye nyumba juu ya dari inayovuja. Akasoma vizuri hadi mstari wa nne, akasita, akarudi nyuma, akanitazama kama kwamba kosa ni lake. Nikamwambia kosa si lake, nikainyosha barua juu ya goti na kutia mkato mmoja. Akasoma tena, akapita.